Sura ya Saba: Gundi, Ukungu na Mlango wa Land Rover

Leza ya mlango wa kushoto, ile ngozi bandia inayofunika ubao wa ndani, ilibanduka tukiwa kona chache tu kabla ya kufika Lutindi. Ilianza kujikunja kwenye pembe ya chini, karibu na goti la abiria. Gari liliporuka jiwe, ikavutika yote ikaning'inia kama ulimi wa mbwa aliyekimbizwa juani. Nyuma yake ukaonekana ubao, mweusi, umevimba, ukiubonyeza unaacha alama kama mkate uliochovywa kwenye chai. Abiria wangu alikuwa mama mtu mzima anayepanda kwenda kumtazama mwanawe hospitalini. Hakusema neno. Aliishika ile leza kwa kiganja, akaibana mlangoni mpaka tulipofika juu.

Niliibandika mwenyewe, wiki tatu kabla ya siku ile, huko huko Lutindi, asubuhi ya ukungu, kwa kopo la gundi ya viatu na brashi ya rangi. Nilikuwa nimeipaka vizuri, nikaikandamiza vizuri, nikaifuta vizuri. Ilipendeza. Kisha gari likashuka Korogwe, likashinda siku mbili juani, na kazi yote ikaanza kuachia.

Sura hii inahusu kazi ile iliyoharibika na namna ilivyorudiwa. Katika kufufua gari la zamani, watu hupenda kusimulia injini na rangi. Ndani ya mlango hapasimuliwi, ilhali ndipo mkono wa abiria unapotua.

Lutindi iko kwenye milima ya Usambara, upande wa Korogwe. Kutoka huko juu siku ya kweupe unaona tambarare ikinyooka hadi upande wa Handeni, kavu na ya rangi ya majani yaliyoungua. Siku ya ukungu huoni hata nguzo iliyo mbele ya gari. Mwaka 1896 Wajerumani walifungua hapo makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 pakawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, pa kwanza katika Afrika Mashariki. Leo hospitali hiyo iko chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT. Tangu zamani imeshikilia imani kwamba mtu anayeugua akili asikalishwe bure. Apewe jembe, apewe randa, apewe chai ya kuchuma, mikono ifanye kazi huku moyo ukitulia. Nimekaa kwenye benchi pale nikitazama mbao zikipigwa randa taratibu, bila mtu yeyote kuharakishwa, na sijui karakana nyingine iliyonifundisha subira kama ile.

Gari lenyewe ni Land Rover ya Series IIA, ile ndefu ya inchi 109 yenye milango mitano, ya aina iliyotengenezwa kati ya 1961 na 1971. Wenyeji wa Usambara hawahitaji kuelezwa. Kabla ya Noah na bodaboda, Land Rover ndiyo iliyopandisha wagonjwa, walimu, mifuko ya mbolea na maiti. Oktoba 2024 Arusha ilipofanya tamasha la Land Rover, magari ya umri wote yalijipanga barabarani kutoka kila pembe ya nchi, na wengi walishangaa kuona kwamba bado yapo mengi kiasi kile. Yapo kwa sababu yanatengenezeka. Bodi ni alumini, kwani gari hili lilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgao. Alumini hailiwi na kutu kama chuma, ila ina ugomvi wake, nitaufikia.

Land Rover za mwanzo hazikuwa na ubao mlangoni. Ulifungua mlango ukaona chuma kitupu na skrubu zake. Ubao uliofunikwa leza ulikuja na magari ya abiria, ili watu wasikwaruze viwiko na kelele zipungue. Kwenye Series II leza yenyewe ilikuwa ya kijivu, yenye mikunjo midogo midogo, na Waingereza waliifananisha na ngozi ya tembo. Ukiipata iliyosalimika, ishike. Ni nene, baridi, na ina harufu yake ambayo leza za sofa za siku hizi hazina.

Basi niliuchukua ule ubao uliooza nikashuka nao Korogwe kwa mzee mmoja fundi viti. Karakana yake ni kivuli cha mwembe, cherehani ya miguu, meza moja ndefu na rundo la sponji. Alikuwa anakata vitambaa vya viti vya daladala.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hicho nini?"

"Ubao wa mlango wa Landrova. Leza imebanduka."

Aliupokea, akaunusa. Akaukunja kidogo, ukatoa maji. Kisha akanirudishia.

"Mlango uko wapi?"

"Uko kwenye gari, Lutindi."

"Kaulete mlango. Hapa hakuna ugonjwa wa gundi. Hapa kuna maji."

Nilikasirika kimoyomoyo, kwa sababu kupanda na kushuka tena ni siku nzima na mafuta. Lakini alikuwa sahihi, na ningependa msomaji aanzie pale aliponianzishia yeye, asianze nilipoanza mimi.

Mlango wa gari lolote unaingiza maji. Ndivyo ulivyoundwa. Mvua hupita pembeni mwa kioo, huteremka ndani ya mlango, hutoka kwa vitundu vilivyo chini. Kwenye magari mengi ya kawaida kiwanda hubandika karatasi ya naailoni kati ya chuma na ubao, ili maji yapite upande wake na ubao ubaki mkavu upande wake. Fundi asiyejali akiitoa naailoni hiyo wakati wa kutengeneza kitasa, asiirudishe, ubao una masika mawili tu ya kuishi. Vitundu vya chini navyo huzibwa na tope, majani na rangi mpya ya fundi rangi. Hapo mlango unageuka ndoo.

Land Rover ya zamani ina tabia ya ziada. Kioo chake hakipandi wala kushuka, kinasukumwa kwenda mbele na nyuma ndani ya mifereji miwili ya chuma iliyotandikwa kitambaa kizito. Kitambaa hicho hunyonya maji kama utambi. Nilipoung'oa mlango wangu na kuulaza kwenye meza ya yule mzee, tukakuta kwenye mfereji kuna ukoka wa kijani, uliolishwa na ukungu wa Lutindi, umestawi na mizizi yake, na katikati yake mche mdogo wenye majani mawili. Alipoutoa kwa ncha ya bisibisi, chuma kilichokuwa chini yake kilitoka pamoja nao, vipande vipande kama maganda ya karanga. Maji yote ya masika yalikuwa yanaingia hapo, yanateremka kwenye fremu, yanalowanisha ubao wangu kwa nyuma. Gundi yoyote duniani ningeweka, ingeachia.

Na ugomvi wa alumini ndio huu. Ngozi ya nje ya mlango ni alumini, mifupa ya ndani ni chuma. Viwili hivyo vikigusana vikiwa vikavu, havina neno. Vikilowa, vinakuwa kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Ukiona unga mweupe kwenye pindo la chini la mlango, ujue maji yamekaa hapo miaka.

Tulitumia siku mbili kwa maji tu. Mifereji ikabadilishwa, kutu ikakwanguliwa kwa brashi ya waya, rangi ya kuzuia kutu ikapakwa mpaka kwenye pembe ambazo hakuna atakayeziona, vitundu vya chini vikazibuliwa kwa msumari. Kisha mzee akafanya jaribio ambalo nimelifanya kila mara tangu siku ile. Alibandika kurasa za gazeti kwa gamu tepu upande wa ndani wa mlango, akausimamisha, akanimiminisha maji kwa jagi juu ya kioo, jagi baada ya jagi, kwa robo saa. Gazeti likilowa, doa linakuonyesha mahali hasa maji yanapopenya. Mara ya kwanza doa lilitoka kwenye skrubu moja ya juu. Mara ya pili gazeti lilitoka kavu, nikasoma matokeo ya mpira wa wiki iliyopita.

Sasa ubao.

Ule wa kiwandani ni hadibodi, unene wa milimita 3 hivi. Hadibodi ni nyuzi za mbao zilizopikwa kwa mvuke, zikatawanywa, zikakandamizwa kwa moto mpaka zikashikana upya. Mmarekani William Mason aliigundua mwaka 1924 huko Mississippi, akitafuta matumizi ya mabaki ya viwanda vya mbao. Ni nyororo, nyepesi, inakubali kukunjwa kidogo, na ni rahisi. Udhaifu wake ni mmoja: ikinywa maji, nyuzi zinakumbuka zilivyokuwa kabla ya kukandamizwa, zinavimba, hazirudi. Mafundi wengi wanapendekeza plaiwudi nyembamba badala yake. Wengine wanakata bati la alumini, ambalo halinywi chochote lakini linapiga kelele kwenye barabara ya mawe, na mimi kelele ya bati siiwezi. Nimebaki na hadibodi, mradi iandaliwe.

Nikiwa kwenye ubao, niruhusiwe kupotea njia kidogo, kwa sababu Korogwe ni nchi ya mkonge. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62. Kutoka kwa hiyo 62 ndipo kilimo cha mkonge kilipoanzia, hadi mashamba unayoyaona kuanzia Hale na Ngombezi hadi Magoma. Sisi tumezoea kuuona mkonge kama kamba na magunia. Lakini Mercedes-Benz ilipobadilisha ubao wa milango ya gari lake la E-Class, iliacha nyuzi za mbao ikatumia mkeka wa nyuzi za kitani na mkonge uliogandishwa kwa resini, na ubao ukapungua uzito kwa kiasi cha asilimia 20. Nilipolijua hilo nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nasaga barabara nikitafuta hadibodi ya kutoka mbali, nikipita katikati ya mashamba yanayoweza kuotesha mlango wa gari. Siku moja karakana ya Korogwe itatengeneza ubao wa mlango kwa mkonge wa Korogwe. Ujuzi upo na malighafi ipo. Anayesoma hapa akiwa na mashine ya kukandamiza, namwomba alifikirie.

Turudi. Ubao mpya hukatwa kwa kuufuatisha wa zamani, na hapa kuna mtego. Ubao uliovimba umekua. Ukiuchora kwa kalamu ya risasi ulivyo, mpya utakuwa mkubwa, pembe zitabana, leza itajikunja. Uchore, ukate mpya, kisha uupeleke mlangoni na kuupunguza kwa msasa mpaka ubaki na nafasi ya leza kuzunguka pembe zote. Unene wa leza mara mbili, juu na chini, ni milimita kadhaa. Ukisahau hilo hautaingia.

Vitundu vya skrubu na vya kitasa vitobolewe sasa hivi, kabla ya leza. Kisha ubao wote upakwe vanishi, mbele, nyuma, na zaidi ya yote kwenye kingo na ndani ya vitundu, kwa kuwa hadibodi hunywa kwa kingo kama jani la chai. Paka mara tatu. Halafu uache wiki nzima. Niliuliza kwa nini wiki, mzee akaniambia vanishi mbichi ikikutana na gundi, gundi inaiyeyusha, vyote viwili vinakuwa uji. Baada ya wiki unakwangua kwa msasa laini mahali gundi itakapokaa tu, upana wa vidole viwili kuzunguka upande wa nyuma.

Gundi yenyewe ndiyo iliyoniadhibu, kwa hiyo nitaieleza polepole.

Gundi ya njano ya kwenye kopo, inayotumiwa na mafundi viatu na mafundi sofa, ni raba iliyoyeyushwa. Raba hiyo inaitwa polikloropreni, na ilipatikana kwanza katika maabara za DuPont huko Marekani mwaka 1930. Haifanyi kazi kama gundi ya mbao. Gundi ya mbao unaipaka, unaunganisha ikiwa mbichi, unabana, unangoja ikauke. Hii unaipaka pande zote mbili, unaziacha mbalimbali, unangoja mpaka vimumunyisho vyote viruke hewani, na unapounganisha inakuwa karibu kavu. Kinachoshika ni raba kwa raba: nyuzi za upande huu zinaingia za upande ule. Ikishagusana, imeshagusana. Hakuna kusogeza. Na nguvu yake inatokana na kukandamizwa kwa bidii mara moja, si na kubanwa usiku kucha.

Kipimo cha wakati ni mgongo wa kidole. Gusa gundi kwa mgongo wa kidole cha kati. Ikikung'ang'ania na kuvuta nyuzi, bado. Ikiwa unaihisi kama inataka kunata lakini kidole kinatoka kikavu, ndiyo. Siku ya kawaida Korogwe ni kama dakika 10 hadi 20. Ukichelewa sana nayo inakufa, inakuwa raba tu, itabidi upake tena.

Kilichotokea Lutindi asubuhi ile nilikuja kukielewa baadaye. Mwaga petroli kidogo mkononi, utahisi baridi. Kimiminika kinachoruka hewani huondoka na joto. Gundi nayo, vimumunyisho vinaporuka, uso wake unapoa. Sasa fikiria uso uliopoa katikati ya ukungu unaopanda kutoka Bahari ya Hindi na kugonga mlima. Umande unakaa juu yake, kama unavyokaa kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Niliiona gundi yangu ikifanya utando mweupe wa maziwa, nikadhani ndiyo dalili ya kukauka. Yalikuwa ni maji. Nikaunganisha raba mbili zenye shuka la maji katikati. Zilishikana kwa hapa na pale tu, kiasi cha kunidanganya wiki tatu.

Ukiona weupe huo, usiunganishe. Subiri hewa ikauke, pasha joto kwa mbali kwa taa au kwa jua la mchana, paka tabaka jingine. Huko mlimani kazi hii ni ya saa saba mchana siku ya kweupe, au ya miezi ya kiangazi. Au ushushe ubao tambarare, kama nilivyofanya mimi. Ubao ni mwepesi, unakaa kwenye paa la basi.

Adui wa pili ni joto. Gari lililofungwa juani Korogwe linaweza kupita nyuzi 60 kwa ndani, na gundi dhaifu hulainika hapo. Adui wa tatu amejificha ndani ya leza yenyewe. Leza ni plastiki ya PVC, na PVC kwa asili yake ni ngumu kama bomba la maji. Ili ikunjike, kiwanda huichanganya na mafuta ya kuilainisha. Mafuta hayo hayatulii. Miaka inavyokwenda, na hasa kwenye joto, yanahama. Leza inakakamaa na kupasuka, na mafuta yanayotoka kwa nyuma yanaingia kwenye gundi na kuigeuza ulimbo. Ukibandua leza ya zamani ukakuta gundi imekuwa asali nyeusi inayonata vidole vyote, ndiyo mafuta hayo.

Kwa hiyo nunua leza yenye mgongo wa kitambaa. Kitambaa kinaipa gundi kitu cha kung'ata na kinachelewesha mafuta. Na ukiweza kupata gundi ya poliyurethani, ile ambayo viwanda vya viatu huitumia kubandika soli za PVC, lipa zaidi uichukue. Inavumilia mafuta hayo kuliko ile ya njano. Gundi ya kupuliza ya bei rahisi, inayouzwa kwa kubandika mapambo, iache huko huko dukani.

Kuna jambo la kusema kabla ya kufungua kopo, na nalisema kwa uzito. Gundi nyingi za aina hii zina tolueni. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, na unaweza kulifuata jiko la mkaa lililo mbali na meza yako ukawaka. Fanyia kazi nje, bila moto, bila sigara. Halafu mvuke huo unagonga ubongo. Anayeuvuta kwa makusudi huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na unaweza kuusimamisha moyo ghafla. Tumewaona watoto mijini wenye chupa puani. Wengine wameanza kwa kuokota kopo ambalo fundi hakulifunga. Siku zote nikimaliza, kopo nalifunga kwa nyundo, nalipeleka nyumbani, na likiisha nalitoboa na kuliacha wazi juani mpaka likauke kabisa kabla ya kulitupa. Kwa gari linalopanda kwenda hospitali ya wagonjwa wa akili, nisingeweza kufanya vingine.

Siku ya kubandika ilikuwa Jumamosi, jua kali. Leza ililazwa mezani uso chini, imepashwa joto na jua mpaka ikawa laini kama shuka. Ubao ukawekwa juu yake, mzee akakata leza kuuzunguka, akiacha pindo la vidole vitatu. Nilishika brashi nipake uso wote wa ubao. Akanizuia.

"Mbele usipake kitu."

"Haitaachia?"

"Inavutwa na pindo. Ukipaka mbele, kila chembe ya mchanga itaonekana. Na siku ukitaka kuitoa, utaichana."

Hili nimekuja kuliamini kuliko yote aliyonifundisha. Mafundi wengi wa sasa hupaka uso wote, leza inakaa kama rangi, na baada ya mwaka mapovu yanatokea mahali gundi iliposhindwa. Leza iliyovutwa na kubandikwa nyuma tu haina mapovu, kwa sababu hakuna kilichobandikwa cha kubanduka. Na yule atakayelifufua gari hili baada yangu ataweza kuikunjua bila kuiharibu.

Tukapaka pindo na ukingo wa nyuma wa ubao, tabaka jembamba, tukangoja, tukapaka la pili kwenye kitambaa kwa kuwa kilikuwa kimekunywa la kwanza. Tukangoja tena. Mzee alikunywa kahawa. Kila nilipopeleka kidole alitikisa kichwa bila kuniangalia.

Alipokubali, alianzia katikati ya upande mrefu wa juu. Akavuta, akabandika urefu wa kiganja kimoja tu. Akaenda katikati ya upande wa chini, akavuta, akabandika. Kisha katikati ya kushoto na kulia. Leza ikawa imeshikwa sehemu nne kama ngozi ya ngoma, na ndipo akaanza kutoka katikati kwenda pembeni, kiganja hiki upande huu, kiganja kile upande ule, ili mvuto uwe sawa. Pembe ndizo alizozikalia muda mrefu. Kwenye pembe ya mviringo, pindo linakuwa kubwa kuliko mahali pa kulala, linataka kufanya mikunjo. Alichukua wembe akakata vipande vidogo vya pembetatu kwenye pindo, saba au nane, akikomea milimita chache kabla ya ukingo. Ukikata kupita hapo, mkato utaonekana kwa mbele na kazi imeharibika. Kisha vikalala kimoja kimoja, bega kwa bega, kama vigae. Mwisho akazunguka pindo lote na mpini wa nyundo, akisugua kwa uzito wa mwili mzima, nikaona mishipa ya mkono wake ikisimama.

Vitundu vya skrubu alivifungua kutoka nyuma kwa msumari uliopashwa moto, mbali na kopo, ili leza iyeyuke ukingoni isije ikachanika.

Tulipandisha ubao Lutindi baada ya siku mbili. Kabla ya kuufunga nilibandika naailoni mlangoni, pande tatu tu, ule upande wa chini nikauingiza ndani ya mlango ili maji yadondokee kwenye vitundu. Skrubu zikawekwa washa pana, zikakazwa kwa mkono mpaka leza ikaanza kubonyea, basi.

Masika mawili yamepita. Mwezi Mei nilifungua skrubu nane na kuutoa ubao ule nitazame. Nyuma ulikuwa mkavu, vanishi inang'aa, pindo halijainuka popote. Naailoni ilikuwa na matone upande wa chuma.

Ombi langu kwako mwenye gari la zamani ni hili. Ukimpelekea fundi mlango, usikubali atupe ubao wa zamani, hata uwe umeoza, hata ukatike mikononi. Uukaushe, uuweke juu ya karatasi, uuchore pamoja na vitundu vyake vyote, uandike kwenye karatasi hiyo aina ya gari na upande wa mlango, uitunze. Michoro ya milango mitano ya Land Rover yangu iko kwa yule mzee wa Korogwe, imeviringishwa na kutundikwa kwenye tawi la mwembe kwa kamba ya mkonge, na anayeihitaji anaruhusiwa kuinakili.